Tundu Kwenye Riale

Karibu kila riale ya Maria Theresa utakayoishika ina mwaka uleule: 1780. Malikia huyo wa Austria alifariki Novemba ya mwaka huo, lakini sura yake iliendelea kufanya kazi. Wafanyabiashara wa Uarabuni, Uhabeshi na pwani yetu walikuwa wameshaizoea na hawakuwa na haja na sura ya mrithi wake, basi mafundi wa Austria wakaendelea kupiga chapa ileile na mwaka uleule, kizazi baada ya kizazi. Mwaka 1935 Mussolini, akijiandaa kuivamia Uhabeshi, alipewa na Austria haki ya kuzichapa Roma. Uingereza, Ufaransa na Ubelgiji hazikukubali kuachwa nyuma. Zikachapa riale zao zenye malikia yuleyule na 1780 ileile. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia Bombay nayo ikaingia kazini.

Hii ndiyo sarafu ambayo mwenye duka la vitu vya kale, awe Unguja au Matrah, huletewa na kuulizwa: ni ya kweli? Na inayoletwa mara nyingi ina kilema. Imetobolewa juu ya kichwa ipitishwe uzi wa mkufu, au ina donge la lehemu pale sonara alipobandika pete ya kuning'inizia. Shavu la malikia limelika. Ukingoni, maneno ya Kilatini yanayotaja haki na huruma yamebaki nusu.

Mwenye duka ana njia zake. Riale nzima ina gramu 28 na kidogo, upana wa milimita zipatazo 40, na fedha sehemu 833 katika kila 1,000. Inayobaki ni shaba. Ukiigonga inalia, iliyotiwa risasi haina sauti. Iliyotobolewa itashindwa kwenye mizani, kwa kuwa kipande chake kimekwenda. Hapo maji ndiyo mwamuzi: ipime kavu, ipime tena ikining'inia ndani ya maji, kisha gawanya uzito wa kwanza kwa tofauti ya vipimo hivyo viwili. Fedha ya kiwango hicho itatoa takriban 10.2, iwe nzima au imetobolewa, maana tundu limeondoa uzito na ujazo kwa pamoja. Lehemu itaivuruga hesabu kidogo, basi. Wako pia waliozoea kuhesabu lulu za pambo la begani, ambazo hutakiwa kuwa tisa.

Nakipenda kipimo cha maji kwa sababu hakijui kubembeleza. Lakini tuangalie kimejibu swali gani. Kimesema sarafu imetengenezwa kwa nini. Hakikusema lini, wapi, wala kwa amri ya nani. Riale iliyochapwa London mwaka 1936 itafaulu kila jaribio nililolitaja, na bado karibu kila kitu ilichoandikwa si kweli: mwaka si wake, mtawala ameshakufa, na herufi S.F. chini ya sura ni za maofisa wawili wa kiwanda cha sarafu cha Günzburg walioingia kaburini zamani. Je, ni ya bandia? Mwuza kahawa wa Harar asingekuelewa unauliza nini. Uzito upo, fedha ipo, lulu zipo. Mwaka aliuona kama sehemu ya pambo. Kwa upande wa pili, sarafu zilizokuwa na haki zote za kiserikali zilishindwa mbele yake. Mfalme Menelik wa Uhabeshi alichapisha sarafu zake mwenyewe katika miaka ya 1890 na watu wakaendelea kudai riale ya malikia. Sultani Barghash wa Unguja naye alitoa riale yenye jina lake mwaka 1299 wa Hijria, na leo ni adimu kuiona.

Imamu al-Ghazali, katika kitabu chake cha Ihya, aliligusa jambo hili kwa ukali. Alieleza kwamba kuitoa dirhamu moja mbovu ukijua ni mbovu ni kubaya kuliko kuiba dirhamu mia, kwa sababu wizi humalizika siku ya wizi, ilhali dirhamu mbovu huendelea kupita mkono kwa mkono na kudhulumu hata baada ya aliyeitoa kufa. Ushauri wake kwa aliyeipokea ni aitupe kisimani. Kinachonivutia ni mahali alipoliweka kosa. Hakuliweka kwenye madini. Kosa liko katika kuipitisha, yaani katika dai analolitoa mtu anapoinyoosha mkononi. Kipande cha risasi kilicholala chini ya kisima hakimdanganyi yeyote.

Nikimfuata mpaka hapo, ukweli wa riale si sifa iliyo ndani yake kama ilivyo shaba ndani ya fedha. Ni uhusiano kati ya kitu na kauli inayosemwa juu yake. Riale ya London ni ya kweli ikiuzwa kama riale ya biashara, na ni ya bandia saa ileile muuzaji aapapo kwamba ilichapwa malikia akiwa hai. Sarafu haijabadilika hata punje. Aliyebadilika ni msemaji.

Sasa turudi kwenye kilema. Kila alama iliyo juu ya riale hii ni nakala: sura, mwaka, herufi, lulu. Zimo katika mamilioni ya nyingine, na ndiyo kazi ya muhuri, kuzifanya zisitofautike. Kitu pekee ambacho haikupewa na muhuri ni tundu lake na kule kulika kwake. Mtu fulani, mahali fulani, aliamua kwamba hii haitanunua tena, itavaliwa. Ndiyo maana naona ajabu kidogo kwamba soko huishusha thamani hapohapo. Wakusanyaji husaka uso uliokamilika, na riale iliyotobolewa huuzwa kwa bei isiyopita sana ile ya fedha yake. Siwalaumu, mwenye kutaka kuuona muhuri vizuri ana haki ya kutafuta nakala iliyo safi. Ila anachokinunua ni ustadi wa mchongaji wa Ulaya, na anachokikataa ni sehemu iliyotokea huku kwetu.

Mtu atasema kovu nalo huigizwa. Ni kweli. Zipo riale zilizogongwa chapa ndogo ya Hijazi juu ya uso, na kwa kuwa chapa hiyo huongeza bei, wajanja wameigonga juu ya riale halali kabisa, hata wakusanyaji sasa huzitilia shaka nyingi kati yake. Hapo una mwili wa kweli wenye jeraha la uongo. Hakuna maji yatakayolipima hilo. Hukumu itatoka kwingine: kingo za chapa zimelika sawa na sehemu nyingine za uso, au ni kali kama za jana? Uchafu ulio ndani ya tundu ni wa kuvaliwa, au umepakwa? Na juu ya yote, imetoka kwa nani, naye aliipata kwa nani? Wanazuoni wa hadithi hawakuridhika na maneno mazuri. Waliuliza msururu wa waliopokezana. Riale nyingi tunazoziona zina matini bila isnadi.

Pengo hilo lina uzito kuliko tunavyopenda kukiri. Katika Unguja ya karne ya 19 riale zililipia karafuu, pembe za ndovu na nguo za merikani, na zililipia watu, kwenye soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Riale iliyozungushwa shingoni mwa bi harusi huenda ilipita mikononi mwa dalali wa soko lile. Huenda haikupita. Uso uliolika haukiri wala haukani, na muuzaji anayeipamba kwa kisa cha bibi na mahari anasema zaidi ya anachokijua, sawa na yule anayeapia 1780.

Wapo masonara watakaokuzibia tundu kwa fedha nzuri, wachonge upya kipande cha taji kilichopotea, na uzito urudi kwenye gramu zake 28. Watu huita kazi hiyo matengenezo. Kwa mtazamo wangu hapo ndipo ughushi unapoanza, ijapokuwa kila punje iliyoongezwa ni fedha halisi: riale inafanywa ionekane haikuwahi kutobolewa. Bora iwekwe jinsi ilivyo, na karatasi yake iandikwe kile tu kinachobebwa na ushahidi: riale ya biashara, chapa ya 1780, mahali na mwaka wa kuchapwa havijathibitika, imetobolewa na kuvaliwa, maji yanasema 10.2. Mteja akitaka punguzo kwa sababu ya tundu, apewe.