Kizazi cha Chombo na Kizazi cha Mtu

Binadamu hujisifu kwamba kila kizazi cha vyombo vyake hukishinda kilichotangulia. Bastola ni mfano mmoja. Ile ya Glock, iliyotolewa Austria mwaka 1982, ilifikia kizazi cha tano mwaka 2017. Kizazi cha tatu kilitiwa vibonde vya kulaza vidole katika mpini. Cha tano kikaviondoa, kwa kuwa mikono ya watu haifanani. Hivyo kosa la baba husahihishwa kwa mwana, na chombo kipya huanza pale cha kale kilipokoma.

Je, mtu naye yu hivyo? La, hasha. Mtoto hazaliwi na subira ya babaye, wala haki, wala huruma. Hana budi kujifunza yote tangu mwanzo. Tazama Bonde la Kerio, lililo mashariki ya Moiben. Hapo kale mwizi wa ng'ombe alichukua upinde na mishale. Baadaye akachukua bunduki. Silaha ilibadilika, lakini tamaa iliyomtuma ni ile ile, na kilio cha mjane ni kile kile. Kilichozidi ni idadi ya makaburi.

Kwa hivyo, kadiri silaha inavyokuwa nyepesi kutumika, ndivyo moyo wa mwenye kuishika upasavyo kuwa mzito. Bastola hutengenezwa kiwandani mara moja, ikarithiwa. Utu hufundishwa nyumbani na shuleni, upya kwa kila kizazi. Na kizazi kisichofundishwa hurithi silaha bila ya utu.