Vita Visivyopiga Hodi

Hapa Chang'ombe hatuko mbali na uwanja wa ndege, na ngurumo ya ndege ya abiria haimshtui mtu. Ndege zilizotua Kitona Agosti 1998 nazo zilikuwa za abiria.

Vita vilikuwa vimeanza upya mashariki ya Kongo siku mbili tu. Wanyarwanda na washirika wao wakazichukua ndege hizo pale Goma, wakazijaza askari, wakawavusha zaidi ya kilomita 1,500 hadi kambi ya Kitona, karibu na Bahari ya Atlantiki. Hawakuruka kwa miavuli, walitua tu. Aliyewaongoza, James Kabarebe, alikuwa mkuu wa majeshi ya Kabila hadi Julai ile ile. Ghafla Kinshasa ikawa na adui mgongoni.

Wanajeshi huisifu hila hii, nami naelewa kwa nini. Jeshi la nchi kavu, kama letu lilivyokwenda kutoka Kagera hadi Kampala mwaka 1979, hupita vijijini, na kila kijiji hulipa. Ndege huviruka vijiji. Pigo moja kichwani, vita vikaisha, maelfu wakapona: hesabu hiyo si ya kipuuzi.

Lakini vita vya nchi kavu angalau hupiga hodi. Mkimbizi hutangulia na habari, mama akafunga mzigo, akaondoka na wanawe. Kwa mtu wa Kinshasa vita vilikuwa jambo la Goma na Bukavu. Mara waasi wakateka bwawa la Inga, wakakata umeme. Jiji la mamilioni likalala gizani, mabomba ya maji yakakauka. Mgonjwa aliyelazwa hospitalini angekimbilia wapi?

Mtetezi atasema: heri giza la siku chache kuliko miaka ya mauaji. Sawa, kama anayesema hivyo angeweza kuuahidi huo mwisho. Hakuweza. Angola na Zimbabwe ziliingia kumsaidia Kabila, pigo likashindwa, na vita vikaendelea hadi 2003. Kwa hiyo wale waliozimiwa umeme waliwekwa rehani kwa ushindi ambao kamanda mwenyewe aliukisia tu. Kamanda anaweza kuihatarisha roho yake, na pengine za askari wake waliokula kiapo. Ya yule mgonjwa wa Kinshasa alipewa na nani?