Kikombe cha Jioni



Katika nyumba zetu nyingi, karibu na bomba au nyuma ya jiko, hakukosekani shina la mchaichai. Twalipita kila siku bila kulitazama. Lakini jioni, kazi zinapokwisha na kuku wameingia bandani, majani hayo yaweza kutufaa mwilini na hata rohoni.

Wengi wetu tumezoea chai ya rangi baada ya chakula cha usiku, kisha twashangaa usingizi umekwenda wapi. Majani ya chai yana kafeini, ambayo hukaa mwilini kwa saa nyingi na kutuweka macho. Mchaichai mtupu hauna kafeini. Basi tutwae majani mabichi 5 au 6, tuyaoshe, tuyafunge fundo, na kuyatia katika vikombe 4 vya maji yanayochemka. Yatokote dakika 5, tuipue, kisha tufunike sufuria dakika 10. Kifuniko tusikisahau, maana harufu ile nzuri ni mafuta yaliyomo ndani ya jani, nayo hupotea pamoja na mvuke. Na ndugu aliyekosa usingizi kwa majuma mengi asitegemee kikombe hiki. Na aende kwa daktari.

Hizo dakika 10 za kungoja, tuzifanyie nini? Hapo ndipo lilipo neno letu.

Kinachotunyima usingizi si kafeini peke yake. Mume amegeukia ukutani kwa sababu ya fedha za ada. Mama mkwe na mke wa mwanawe hawajasemezana tangu Jumapili, ingawa wote wawili walipiga magoti kwenye Meza ya Bwana. Kijana amekaripiwa mbele ya wageni, naye amejifungia chumbani. Mchaichai hauyaondoi hayo. Uchungu wa moyo ukifunikwa hauishi, huzidi kuiva.

Mtume Paulo aliwaonya Waefeso wasifike machweo wakiwa wameishika hasira (Efe. 4). Nalo Kanisa letu, katika Sala ya Jioni, huomba amani kwanza, ndipo huomba kulindwa na hatari za usiku. Mpango huo una maana. Tutaombaje kulindwa na adui wa nje, hali vita tumeilaza ndani?

Huenda tukasema, "Kwa nini nianze mimi? Yeye ndiye aliyenikosea." Tumtazame Eliya (1 Fal. 19). Alipochoka hata akatamani kufa, malaika hakumjia na karipio. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena. Maswali ya Mungu yalikuja baadaye. Nasi tukishindwa kuanza na maneno, tuanze na kikombe. Tukipeleke kwa mikono yetu wenyewe, tusimtume mtoto, tuseme, "Karibu chai." Kwa kufanya hivyo hatusemi kwamba kosa si kosa, habari ya ada itazungumzwa kesho. Ila usiku huu tumekataa kulala kama maadui.

Hatusemi hayo kwa mtu anayepigwa nyumbani. Huyo tusimnyamazishe kwa chai; na apate mahali pa salama, nasi tusimame naye.

Tena tumkumbuke jirani mjane, ambaye hana wa kugombana naye wala wa kupatana naye. Sufuria ya vikombe 4 yatosha kumpelekea kimoja.

Ndipo tulale. Zaburi ya 4 ni sala ya mtu aliyesumbuliwa na watu, lakini hakungoja wote wamwie radhi ndipo apate usingizi. Alimwachia Bwana ulinzi wake, akajilaza. Mungu azijalie nyumba zetu usiku wa namna hiyo, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.