Mkono, Mchezo na Alama

Kampuni ya Nintendo ya Japani ilipoitoa mashine ya Wii mwaka 2006, ilikuwa burudani ya sebuleni: unashika rimoti, unarusha mkono, na kwenye runinga mpira wa tenisi unavuka wavu. Haikupita muda ikaingia katika vyumba vya tiba huko Marekani na Kanada. Wataalamu wa tiba kwa vitendo, wale wanaomsaidia mgonjwa aweze tena kuoga, kuvaa na kula mwenyewe, walipata ndani yake kitu adimu: sababu ya mtu kurudia tendo moja mara nyingi bila kukata tamaa.

Maana mkono uliopigwa na kiharusi hurudi kwa kurudia, na kurudia kunaudhi. Mtu aliyepaua nyumba kwa mkono huo leo anaambiwa anyanyue kikombe cha plastiki, akitue, akinyanyue tena. Nani asingechoka?

Hata hivyo, alama za kwenye runinga zina uongo wake. Rimoti huhisi mwendo wake yenyewe, si mwili wa aliyeishika. Mgonjwa akitikisa kifundo cha mkono, au akiegemeza kiwiliwili kizima ili bega lipumzike, mashine inampa pointi vilevile. Aliyesimama kando ndiye anayeona kwamba kiwiko hakijanyooka. Anamgusa bega: "Tena, mzee wangu, bila kuegemea." Sijui mashine ya kusema hivyo kwa adabu.

Mwaka 2016 jarida la Lancet Neurology lilichapisha utafiti ulioongozwa na daktari Gustavo Saposnik wa Toronto. Wagonjwa 141 wa kiharusi, juu ya tiba yao ya kawaida, waligawanywa makundi mawili: hawa wacheze Wii, wale wacheze karata, bingo na michezo mingine ya aina hiyo, kwa muda ule ule. Wote walipata nafuu, na hakuna kundi lililolipita lingine kwa kiasi cha maana. Wapo waliosikitika. Mimi nilifurahi. Kuchomoa karata moja kwa vidole vilivyolegea na kuitupa mezani ni kazi nzito, tena mbele yako yupo mtu wa kukutania ukishindwa. Nasi wenye bao, kuokota kete na kuzitawanya moja moja shimoni, sioni kwa nini tuione tiba duni kuliko rimoti.

Simdharau kijana anayekataa kila zoezi ila la runinga, apewe. Lakini mashine zina maisha mafupi: Microsoft iliacha kutengeneza Kinect, kifaa cha kucheza bila kushika chochote, mwaka 2017, wakati mgonjwa bado anahitaji mkono wake.

Basi, wenye hospitali, kabla hamjauliza bei ya mashine, muulizeni mgonjwa anataka mkono huo umfanyie nini. Akisema kufunga vifungo vya shati, anzeni na shati.