Je, Ni Haki Kuyanywesha Maua?

Wasomaji wengi wamekwisha kuyaona maua yaitwayo zinia, mbele ya nyumba za walimu na kando ya makanisa: mekundu, meupe, ya manjano, ya zambarau. Asili yake ni Meksiko, nayo yamepewa jina kwa kumkumbuka Johann Gottfried Zinn, Mjerumani aliyeiangalia bustani ya mimea ya chuo kikuu cha Göttingen, akafariki mwaka 1759, umri wake miaka 31 tu. Mbegu ikifukiwa kidogo, huchipua kwa siku 4 mpaka 7, na baada ya siku 60 hivi ua la kwanza hufunuka. Ni mmea wa msimu mmoja. Hauoni mwaka wa pili.

Basi, mzee mmoja alituuliza, wala hakuuliza kwa mzaha: “Mwalimu, watoto wetu wateka maji mbali, nanyi mwayamwaga penye kitu kisicholiwa wala kisichoezeka nyumba. Je, hii si dhambi?”

Wako wajibuo upesi kwa kutaja maua ya kondeni ambayo Bwana wetu aliwaonyesha wanafunzi wake. Sisi twaona jibu hilo halitoshi, maana maua yale hakuna mtu aliyeyatekea maji. Swali la mzee lakaribia zaidi habari ya Bethania, mwanamke alipomwaga marhamu yenye thamani ya dinari 300, na watu wakanung’unika kwa ajili ya maskini. Bwana alimtetea. Lakini liko jambo ambalo mara nyingi twalipita: marhamu ile ilikuwa yake mwenyewe. Hakumtwika mtoto wa jirani gharama yake.

Hapo ndipo twaona mzee ana haki, si kwa habari ya maua, bali kwa habari ya vichwa vya watoto. Mwenye kupenda uzuri na aulipie yeye. Na apande masika yaanzapo, mvua imfanyie kazi. Kiangazi atumie maji yaliyokwisha kuoshea mboga, ama ateke mwenyewe. Tena amwagie shinani, kwa kuwa majani yakikaa na unyevu huingia ukungu mweupe.

Ama kwa wale wasemao kwamba kitu cha kufa upesi hakina thamani, hao hatukubaliani nao hata kidogo. Mwembe ni mti mwema, lakini wataka miaka. Mgonjwa asiyejua kama ataiona Krismasi, je, tumpe kokwa ya embe? Huyu aweza kupanda zinia kwa mkono wake, akahesabu siku, akaliona ua kutoka kitandani. Si wote waliopewa muda wa kungoja.

Tena mmea huu una tabia ya ajabu: ukatapo maua kumpelekea jirani, wazidi kuchanua, ukiyaacha yote yakauke, hupunguza, kwani umekwisha kupata mbegu zake. Hivyo mchoyo wa maua hupata machache.

Vichwa vichache tu viachwe mpaka viwe rangi ya kahawia, vipukutishwe, na mbegu ziwekwe katika karatasi mahali pakavu. Wala asishangae mtu mbegu za ua jekundu zikizaa la rangi ya waridi. Nyuki wamepita hapo, nao hawakuomba ruhusa.