Kura na Masharti Yake

Juni 1996, mjini Buenos Aires, Bobby Fischer alitangaza sataranji ambayo kete za safu ya nyuma hupangwa kwa kura, ili ushindi usitokane na mianzo iliyokaririwa nyumbani. Vitunda havihami safu yake ya kawaida. Wala kura yenyewe haiachiwi ifanye itakavyo: askofu mmoja lazima akae kwenye mraba mweupe na mwenzake kwenye mweusi, na hapo pana namna 16, malkia huangukia mmojawapo wa miraba sita iliyobaki, farasi wawili huenea katika mitano kwa namna 10, mfalme hukaa kati ya ngome mbili, basi. Ukizidisha unapata mipango 960. Dadu moja yatosha kuupata wowote. Kisha mweusi hupewa mpango uleule wa mweupe, wakielekeana. Kwa maoni yangu, swali la zamani la waamini, iwapo kura ni njia ya haki, hujibiwa na masharti hayo. Dadu huja baadaye.

Mitume walipotaka mtu wa kushika nafasi ya Yuda, walianza kwa sharti: awe alifuatana na Yesu tangu ubatizo wa Yohana mpaka kupaa. Wakasimamishwa wawili, Yosefu Barsaba na Mathiya, ndipo kura ikapigwa. Katika karne ya 13 Tomaso wa Akwino alitenga kura ya kugawa, ya kutafuta shauri, na ya kuagua. Mtu wa Katanga, nchini Kongo, ana haki ya kupinga hapa: kilumbu, mwaguzi wa Kiluba, hutikisa kibuyu chake, mboko, kisha husoma jinsi vitu vilivyomo vilivyokaa, iweje mkao huo uwe na ujumbe, na mkao wa kete usiwe nao? Kazi ya kilumbu ni ya maarifa mengi na haistahili dharau, ila yeye huiuliza kura jambo lililofichika. Wachezaji hawaiulizi kitu. Wanaitaka iondoe mkono wa mwenye upendeleo, na hilo ndilo lote waliloiomba.

Pingamizi lingine ni zito zaidi: mweupe hutangulia, na baadhi ya mipango humzidishia faida. Ni kweli. Dawa yake ni kucheza mpango huohuo mara mbili, wakibadilishana rangi. Kwa kuwa kura ya haki hudai masharti ya namna hii, siwezi kukubali wanaosema huko Lubumbashi, Katanga, kwamba mahali mtu alipozaliwa ni kura tu ya Mungu. Wabelgiji walipoanzisha mji huo kwa jina la Élisabethville mwaka 1910, waliyatenga makao ya Waafrika na mji wa Wazungu, na baadaye ukanda usiojengwa ukatenganisha pande hizo. Waliochora ramani walijua tangu mwanzo wao wataishi upande gani. Hapakuwa na dadu, hapakuwa na mpango mmoja kwa wote wawili, na hakuna aliyebadilishana rangi na mwenzake. Atakayesema kwamba majaliwa ya Mungu yanatawala hata ramani simkatalii. Lakini mitume nao waliamini majaliwa hayo, na bado waliweka sharti lao wazi, mbele ya watu, kabla ya kuomba na kupiga kura.