Kaa la moto na mzigo wa kuni

Wengi wetu tumekulia katika nyumba ambamo moto wa asubuhi ulitoka kwa jirani. Mama alimpa mtoto kigae, akamtuma: "Nenda kwa mama fulani, uombe kaa la moto." Jirani hakutaja bei. Angetaja kwa nini? Moto wake haukupungua. Lakini hakuna mtoto aliyetumwa kila siku kuomba mzigo mzima wa kuni. Kuni zimetoka mbali, zimekatwa kwa shoka, zimebebwa kichwani. Mwenye kuziomba kila mara pasipo kutoa kitu, watu watamwita mvivu, na labda neno baya kuliko hilo.

Tunaanza na jambo hili kwa sababu ya ulizo tulilopewa na ndugu mmoja, fundi wa kompyuta katika mji wetu. Sisi na wenzetu wachache tulimwendea kumwomba atuandikie masomo ya kuandika programu, ya kuwekwa katika intaneti kwa Kiswahili, ili vijana wajifunze bure kwa simu zao. Alitusikiliza kwa adabu, kisha akasema: "Walimu wangu, mwaka huu ninyi ni watu wa tatu kuniomba kazi ya bure. Mbona mwashi haombwi kujenga nyumba bure? Je, kwa kuwa kazi yangu haionekani kwa macho, si kazi?"

Siku ile hatukuwa na jibu. Tulishukuru kwa maji ya kunywa, tukaenda zetu.

Mbele ya kujibu, yafaa tutazame jinsi kazi hii ilivyofanywa pengine. Mwaka 1998 Greg Wilson na mwenzake Brent Gorda walianza kuwafundisha wanasayansi wa maabara ya Los Alamos, Marekani, namna ya kuandika programu. Masomo yale yaliitwa Software Carpentry, yaani useremala wa programu. Baadaye yaliwekwa wazi kwa watu wote, na wengi wanaoyafundisha na kuyatengeneza ni watu wa kujitolea. Tangu mwaka 2018 yamo katika chama kiitwacho The Carpentries. Mwaka 2013 Katrina Owen, aliyekuwa akifundisha kazi hiyo hiyo, aliwatengenezea wanafunzi wake pahali pa mazoezi, ndipo ilipoanza Exercism. Leo ina mazoezi katika lugha za kompyuta zaidi ya 60, na sehemu kubwa imeandikwa na watu wasiolipwa. Mwaka 2014 Quincy Larson alianzisha freeCodeCamp, na watu wa kujitolea wamegeuza masomo yake katika lugha nyingi, Kiswahili kimojawapo.

Kwa hiyo jambo hili lawezekana. Lakini kuwezekana ni kitu kimoja, na haki ni kitu kingine.

Labda mtu atasema: fundi huyu ni mdeni. Lugha ya Python anayoitumia kila siku ilitolewa mwaka 1991 na Guido van Rossum, naye hakulipa hata faranga moja. Linux, inayoendesha mashine za kampuni anakofanya kazi, ilianzishwa na Linus Torvalds mwaka ule ule, nayo ni ya bure. Amekula vya watu. Sasa naye atoe. Maneno haya yana nguvu, na tunakiri kwamba sisi wenyewe tulikuwa nayo tayari mdomoni tulipobisha hodi kwake. Lakini tuyapime. Kuna deni la soko na kuna deni la shukrani. La soko, mwenye mali aweza kulidai mbele ya watu. La shukrani, hakuna wa kulidai. Mdeni mwenyewe ndiye anayelikumbuka moyoni mwake, kwa saa yake. Van Rossum hakututuma kwenda kukusanya deni lake. Basi mwenye kumwendea fundi na kumwambia "hata wewe ulipewa bure" ameshika fimbo isiyo yake.

Turudi kwa kaa la moto. Elimu yenyewe ni kaa. Kijana akimwuliza fundi njiani, "Kwa nini programu yangu inakataa?", fundi akamjibu kwa maneno mawili, hakupoteza kitu. Akikataa, hali ana nafasi, tutasema ana choyo. Lakini kuandika somo zima ni kuni. Yampasa achague litangulie nini na lifuate nini, atunge mazoezi, ayajaribu yote, asahihishe. Wala haishi hapo. Masomo mengi yaliandikwa kwa Python ya namba 2. Lugha ile iliachwa kutunzwa mwaka 2020. Katika namba 3 hata amri ya kwanza kabisa, ile ya kuandika neno kwenye kioo, ilibadilika. Mwanafunzi akifuata somo la zamani, anakwama katika mstari wa kwanza. Ikawa sharti watu waketi waandike upya. Anayekubali kuandika somo amekubali pia kulitunza, na ni wachache wanaoambiwa hivyo siku ya kuombwa.

Exercism walijifunza jambo hili. Watu walileta matengenezo yao kwa moyo mwema, na kila tengenezo lilihitaji mtunzaji alisome na kulipima. Watunzaji wakalemewa. Mwaka 2022 wakuu wakaamua kwamba matengenezo yatokayo nje yasipokelewe moja kwa moja, ila baada ya kusemezana kwanza. Wengine walinung'unika. Sisi tunaona walifanya vema: ukarimu wa mmoja usiwe kongwa shingoni mwa mwingine.

Iko pia hatari ya kudhani kwamba kila mwenye kujua aweza kufundisha. Fundi hodari amesahau jinsi ilivyokuwa kutojua. The Carpentries wanawafunza waalimu wao kwanza namna mtu anavyojifunza, wala hawaridhiki kwamba mtu ajua programu tu.

Sasa tufike kwenye jambo lililotusumbua zaidi. Yule fundi alituambia, si kwa hasira: "Wenzangu wa Ulaya wakiandika masomo ya bure, wanaandika jioni, umeme upo, intaneti inalipwa kila mwezi, mshahara umeingia. Mimi nikiandika jioni, umeme umekatika. Nangoja saa sita ya usiku urudi, na mega nanunua kwa fedha ya watoto." Hapo tuliona kosa letu. Tulidhani neno "bure" lina maana moja pahali pote. Kwa mmoja, bure ni kutoa saa zake. Kwa mwingine, bure ni kutoa saa zake na kulipa juu yake. Kumwita huyu wa pili kwa mwito ule ule si haki, hata kama sauti ni tamu. Tena baba anadaiwa kwanza na watoto wake kuliko na wanafunzi asiowajua, na asiwepo mtu wa kumwonea haya kwa hilo.

Tazameni na matokeo yake. Tukiwaita wale tu wanaoweza kutoa pasipo kuumia, masomo yote yataandikwa na watu wa nchi zenye mali. Mifano itakuwa ya treni zao na theluji yao. Kijana wetu atajifunza, ndiyo, lakini atadhani kuandika programu ni kazi ya kwao watu wengine, ambayo yeye amekaribishwa kama mgeni. Hasara hii haiandikwi katika daftari yo yote.

Basi tulirudi kwa fundi na ombi jingine. Hatukutaja tena deni lake. Tulimwomba somo moja tu, si kitabu. Tulimwambia wazi litachukua jioni ngapi kwa kadiri yetu, na kwamba baada ya miezi sita litatunzwa na mtu mwingine. Mega na taa tutatoa sisi. Jina lake litaandikwa juu ya somo. Tena tulimwambia jambo ambalo wengi hulificha: ruhusa tutakayoiweka juu ya somo inamwacha mtu ye yote alichukue, hata aliuze, mradi ataje mwandishi, lakini hataweza kuwanyang'anya wengine lile la bure. Alifikiri sana juu ya hilo la kuuza. Mwisho akasema, "Auze. Wenye kujua la bure liko wapi hawatanunua."

Alichagua somo la kurudia amri, kwa mfano wa mama anayehesabu magunia kumi ya makala. Lilikuja likichelewa wiki tatu. Lilikuwa zuri, ila vijana waliolijaribu walipata magunia tisa. Fundi alikuwa ameandika "kutoka 1 mpaka 10" na kusahau kuwaambia kwamba Python inasimama mbele ya namba ya mwisho. Kwake jambo hilo limekuwa kama kupumua. Msichana mmoja wa mwaka wa pili alihangaika jioni nzima akidhani simu yake ni mbovu, kisha akagundua, akaongeza mistari miwili ya maelezo. Fundi alipoisoma alicheka, akatuuliza jina la msichana huyo, akaliandika chini ya lake.

Ile miezi sita itakwisha kabla ya masika. Tumekwisha kumwuliza msichana kama ataweza kulitunza somo, naye ameomba kwanza kujua mega ni ngapi.